Kugoma na Kugota: Istilahi za Nguzo za Kupigilia katika Ujenzi wa Misingi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza namna nguzo za msingi zinavyopigiliwa na kupimwa, na yanachunguza vitenzi viwili vinavyohusika na kazi hiyo, yaani kugoma na kugota. Mfano unaotumiwa ni mazingira ya Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, ambayo ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga hadi ulipoundwa Mkoa wa Geita mwaka 2012.

Katika miaka ya 1930, Geoffrey Milne wa kituo cha utafiti cha Amani alionyesha kwamba udongo wa Afrika Mashariki hubadilika kwa mpangilio kutoka kileleni hadi bondeni. Wasukuma walikwishaupa mpangilio huo majina: luseni ni udongo wa kichanga wa mwinuko, na mbuga ni mfinyanzi mweusi wa bondeni. Mfinyanzi huo huvimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Nyumba ya kawaida iliyojengwa juu ya luseni haihitaji nguzo za kupigilia. Haja yake hutokea pale jengo zito linapowekwa juu ya udongo dhaifu wenye kina kirefu.

2.0 Upigiliaji

Nguzo ya kupigilia hutengenezwa kabla ya kuingizwa ardhini, iwe ya mbao, chuma au zege. Kwa sababu hiyo ni tofauti na nguzo ya kuchimbia, ambayo zege lake humiminwa katika shimo lililokwisha kuchimbwa, kama zilivyo zile za Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025.

Nguzo husimamishwa wima katika mwongozo, kichwa chake huvishwa kofia yenye mto wa kupunguza mshtuko, kisha nyundo huangushwa juu yake. Msimamizi huhesabu mapigo kwa kila kipande cha kina. Mwishoni hupima mzamo wa mapigo 10 ya mwisho: ukiwa milimita 25, basi kila pigo limezamisha nguzo milimita 2.5. Tangu A. M. Wellington alipotoa kanuni yake mwaka 1888, wahandisi wamekuwa wakilinganisha nishati ya nyundo na mzamo huo ili kukadiria ukinzani wa ardhi.

Hapa ndipo lugha inapohitaji uangalifu. Nguzo isiyozama tena husemwa kuwa imegoma, kama gari linavyogoma. Kitenzi hiki hueleza tukio tu, wala hakielezi sababu yake. Katika ardhi iliyotokana na miamba ya graniti, mawe makubwa kama yanayoonekana juu ya vilima vya Mwanza huweza kuwa yamezikwa katika udongo laini. Nguzo iliyokutana na jiwe la namna hiyo imegoma, lakini haijagota, kwa maana kwamba haijafika mwisho uliokusudiwa. Kinyume chake, katika mfinyanzi uliolowa, mapigo huongeza shinikizo la maji na kupunguza ukinzani kwa muda. Nguzo iliyoonekana kuzama kirahisi leo huweza kuwa imara zaidi baada ya siku kadhaa.

3.0 Upimaji

Kwa hiyo hesabu ya mapigo haitoshi. Katika jaribio la mzigo, matofali makubwa ya zege hupangwa juu ya jukwaa, na jeki ya haidroli huwekwa kati ya jukwaa na nguzo. Mzigo huongezwa hatua kwa hatua, mara nyingi hadi mara 1.5 ya mzigo wa kazi, na mtitio husomwa kwenye vipimo vilivyofungwa katika boriti isiyogusana na nguzo wala jukwaa. Baadaye mzigo huondolewa ili ionekane nguzo imerudi juu kiasi gani. Katika mbuga, ni lazima pia ithibitishwe kuwa nguzo imepita tabaka linalovimba, la sivyo udongo utaisukuma juu.

4.0 Hitimisho

Inapendekezwa kwamba kugoma kutumike kwa tukio linaloonekana chini ya nyundo, na kugota kwa hali iliyothibitishwa na uchunguzi wa udongo pamoja na jaribio la mzigo. Daftari la ujenzi likiandika neno moja kwa hali zote mbili, jengo huweza kukabidhiwa likiwa limeegemea jiwe moja lililozungukwa na udongo dhaifu, na kosa hilo litajulikana pale tu kuta zitakapoanza kupasuka.