Wafu wako wapi? Sababu ya aya za Biblia kuonekana kupingana

KATIKA mazishi mengi ya Kikristo nchini, waombolezaji husikia kauli mbili zisizolandana: kwamba marehemu amekwisha kufika mbinguni, na kwamba amelala akingoja parapanda ya mwisho. Kila upande una aya zake, na familia yenye waumini wa madhehebu tofauti huweza kuvutana hata mbele ya jeneza.

Aya zenyewe zipo. Kitabu cha Mhubiri, sura ya 9, chasema kwamba wafu hawajui lolote. Katika Luka 16, hata hivyo, tajiri aliyekufa anamsihi Abrahamu ampatie tone la maji, na katika sura ya 23 Yesu anamwahidi mhalifu aliyesulubiwa pamoja naye makao peponi. Paulo naye awaandikia Wathesalonike kuhusu wafu waliolala, watakaofufuliwa Bwana atakaporudi.

Sababu ya kwanza ya tofauti hizo ni wakati. Vitabu vya Biblia viliandikwa katika muda wa karne nyingi. Waebrania wa kale waliamini kwamba wafu wote, wema kwa waovu, hushukia Sheoli, mahali pa giza na kimya. Thawabu ya mwadilifu ilikuwa papa hapa duniani: umri mrefu, watoto na mavuno.

Imani hiyo ilitikiswa vikali katika karne ya 2 kabla ya Kristo, Mfalme Antioko wa Nne alipowaua Wayahudi walioishika Torati. Ikiwa mwema anauawa kwa sababu ya wema wake, haki yake ataipata wapi? Danieli 12, ambayo wataalamu wengi huihusisha na mateso hayo, yajibu waziwazi kwamba wafu wataamka, baadhi wapate uzima na wengine aibu. Hata enzi za Yesu mjadala haukuwa umekwisha: Mafarisayo walikubali ufufuo, Masadukayo wakaukana.

Sababu ya pili ni lugha. Sheoli ya Kiebrania na Hadesi ya Kigiriki, yaani makao ya wafu, katika Biblia ya Kiswahili huitwa kuzimu. Jehanamu ni neno jingine. Asili yake ni bonde la Hinomu, nje ya Yerusalemu, ambako watoto waliwahi kuteketezwa kama kafara. Baadaye jina hilo likawa ishara ya adhabu ya waovu. Anayedhani kuzimu na jehanamu ni kitu kimoja huona ukinzani hata pale ambapo haupo.

Alama za uandishi nazo zina uzito. Hati za kale zaidi za Kigiriki hazikuwa na koma. Waadventista Wasabato husoma kwamba Yesu alimwambia mhalifu yule 'leo' kuhusu ahadi ya baadaye. Makanisa mengi husema ahadi ilikuwa ya siku hiyo hiyo. Wakatoliki nao, katika fundisho lao la toharani, hurejelea Makabayo wa Pili 12, kitabu kisichohesabiwa na Waprotestanti katika Maandiko.

Hivyo basi, kabla ya kumrushia mwenzake aya, yafaa mfiwa aulize iliandikwa lini, na kwa neno gani. Wanaobishana kuhusu hali ya marehemu leo, aghalabu hukubaliana kwamba siku ya ufufuo inakuja.