Kufundisha Tofauti za Urithi kwa Mfano wa Samaki wa Pwani Moja

Mada ya urithi hufundishwa kwa njegere za Mendel, na ni haki iwe hivyo. Lakini mwanachuo aliyeishia kwenye njegere hutatizika aulizwapo kwa nini wanyama wa spishi moja, walioenea mahali pengi, hawana urithi ulio sawa kila mahali. Hujibu upesi: "Wamezoea mazingira." Jibu hilo humpotosha mwanafunzi, maana kuzoea ni jambo la maisha ya mnyama mmoja, na urithi ni jambo la vizazi.

Twapendekeza mfano wa samaki mdogo, Fundulus heteroclitus, akaaye katika vinamasi vya chumvi vya pwani ya mashariki ya Amerika ya Kaskazini. Katika pwani hiyo, kila uendapo latitudo moja kaskazini, wastani wa jotoridi la maji hupungua kwa takriban nyuzi 1 ya sentigredi. Samaki huyu ana kimeng'enya ambacho jeni yake ina sura mbili, yaani aleli mbili. Tuziite a na b. Kule Maine, kwenye baridi, karibu samaki wote wana b. Kule Georgia, kwenye joto, karibu wote wana a. Katikati, upande wa New Jersey, aleli hizo huchanganyika.

Mwalimu asianze kwa kuchora jedwali ubaoni. Apange mikebe 5 mezani, kutoka kusini hadi kaskazini. Wa kwanza autie maharage mekundu matupu, wa mwisho meupe matupu, na iliyo katikati aichanganye kwa kuzidisha meupe hatua kwa hatua. Wanafunzi watoe maharage mawili mawili bila kutazama. Kila jozi ni samaki mmoja. Wakihesabu na kuchora grafu, mteremko watauona wenyewe.

Hapo darasa litasema kwamba sababu ni baridi. Mwalimu asikubali haraka, kwani grafu yaonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja, wala haionyeshi lipi limeleta lipi. Na aulize: ushahidi uko wapi? Mwaka 1979 Place na Powers walionyesha kwamba kimeng'enya cha b hufanya kazi vizuri zaidi katika baridi, na cha a katika joto. Mwaka 1982 DiMichele na Powers waliwaogelesha samaki: kwa nyuzi 10 wenye b waliwashinda wenye a, kwa nyuzi 25 tofauti haikuonekana.

Ushahidi huo ni mzito, lakini kuna jambo jingine. DNA ya mitokondria, irithiwayo kwa mama, nayo hubadilika karibu na New Jersey. Yawezekana basi kwamba zama za barafu zilitenga makundi mawili, yakaja kukutana baadaye. Historia na uteuzi wa asili vyaweza kuwa vimefanya kazi pamoja, na hapa ndipo mjadala wa darasa unapopata uhai. Tungetenga kipindi kizima kwa ajili yake.

Tahadhari moja: mfano huu usihamishiwe pwani yetu kwa pupa. Kutoka Lamu hadi Mtwara ni latitudo 8 tu, zote karibu na ikweta, na jotoridi la bahari halitofautiani kwa kiasi hicho. Mwanafunzi akiuliza kuhusu samaki wa kwetu, aulizwe kwanza ni kitu gani kingeweza kuwatenga: mkondo wa maji, kina, au umbali wa visiwa.