Umbo Sanifu la Kigavi cha Umeme katika Kompyuta za Mezani

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zinazowatatiza wafasiri ni ile inayotaja jinsi vigavi vya umeme vinavyotofautiana. Kigavi ni kile kisanduku kilichomo ndani ya kompyuta ya mezani, ambacho mafundi hukiita pawasaplai. Kazi yake ni kugeuza mkondo geu utokao ukutani uwe mkondo mnyofu wa volti 12, 5 na 3.3.

Kwa Kiingereza istilahi hiyo ina maneno mawili. La kwanza lina maana ya umbo. La pili, katika hisabati, tunalifundisha kwa jina la kigawo. Afasiriye neno kwa neno atapata "kigawo cha umbo", na msomaji hataambulia kitu. Wengine huandika "umbo" au "ukubwa" tu. Maneno hayo yanaeleweka, lakini hayatoshi, kama mifano miwili ifuatayo inavyoonyesha.

Mfano wa kwanza ni wa AT na ATX. Aina ya AT ilitokana na kompyuta ya IBM ya mwaka 1984. ATX ilitolewa na Intel mwaka 1995. Vigavi vingi vya AT vya miaka ya mwisho vilikuwa na kasha la vipimo vilevile vya ATX. Hata hivyo, AT ilipeleka umeme kwenye ubao mama kwa plagi mbili za pini sita sita, na fundi aliyezibadilishana nafasi aliweza kuuunguza ubao. ATX ilileta plagi moja ya pini 20, isiyoingia kinyume, ambayo baadaye ikawa ya pini 24. Kasha ni moja, kigavi si kimoja.

Mfano wa pili ni kinyume cha huo. ATX ina upana wa milimita 150, kimo 86, na urefu wa 140 au zaidi. SFX ina 125, 63.5 na 100. TFX, iliyo nyembamba na ndefu, ina 85, 65 na 175. Zote tatu hutoa volti zilezile, na plagi kuu huweza kuwa ileile ya pini 24. SFX huweza kufungwa mahali pa ATX kwa msaada wa bamba la chuma. ATX haiingii kamwe mahali pa SFX.

Ni dhahiri basi kwamba istilahi hii yataja mapatano juu ya mambo matatu: vipimo vya kasha, mahali pa matundu ya skrubu, na aina ya plagi. Kwa hiyo tunapendekeza "umbo sanifu", kwani neno sanifu ndilo linalobeba maana ya mapatano.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Ofisa anayeandika katika zabuni "kigavi cha wati 300" aweza kuletewa kigavi kizima, chenye nguvu aliyoitaka, kisichoingia katika kompyuta zake. Na mwuzaji hatakuwa na kosa, maana ameleta kilichoandikwa. Yafaa aandike: "kigavi cha umeme, wati 300, umbo sanifu TFX". Na pale ambapo mtengenezaji ametumia umbo lake mwenyewe, lisilo sanifu, itajwe namba ya kifaa chenyewe.