“Jedi wa Mwisho”: Mmoja au Wengi? A-unganifu katika Majina ya Filamu za Mwendelezo

Tarehe 23 Januari 2017, kampuni ya Lucasfilm ilitangaza jina la filamu ya nane katika mfululizo mkuu wa Star Wars: “The Last Jedi”. Filamu yenyewe ingetoka Desemba mwaka huo, na nje ya watengenezaji hakuna aliyekuwa ameiona. Hata hivyo mashabiki walianza kubishana mara moja, na ubishi wao ulikuwa wa kisarufi: Jedi anayetajwa katika jina hilo ni mmoja, au ni wengi?

Makala haya yanalitazama swali hilo kwa jicho la Kiswahili. Yanaeleza kwa nini jina “Jedi wa Mwisho” lina utata uleule uliomo katika Kiingereza, ni viambishi gani vinavyoutatua, na mfasiri afanye nini anapokabidhiwa jina la namna hii.

Swali lilikotoka

Katika masimulizi ya Star Wars, yaliyoanza na filamu ya George Lucas ya mwaka 1977, Jedi ni mwanachama wa jumuiya ya kale ya mashujaa wanaotumia upanga wa mwanga na nguvu isiyoonekana kwa macho. Katika Kiingereza neno “Jedi” halibadiliki katika wingi. Kibainishi kinachotangulia jina hakibadiliki, wala kivumishi chenye maana ya “mwisho” hakibadiliki. Maneno yote matatu ya jina hilo yako kimya kuhusu idadi.

Ukimya huo ulikuwa na uzito. Akiwa Jedi mmoja, basi ni Luke Skywalker, kijana wa filamu ya 1977 ambaye sasa ni mzee aliyejitenga kisiwani. Ushahidi wa usomaji huu ulikuwapo: maandishi ya ufunguzi ya filamu iliyotangulia, “The Force Awakens” ya mwaka 2015, yalimwita Luke hivyohivyo. Wakiwa wengi, basi jina linamjumuisha pia Rey, msichana aliyemfuata Luke kisiwani ili afundishwe. Usomaji wa umoja ulimwandaa mtazamaji kwa hadithi ya mtu anayefikia mwisho wake. Ule wa wingi ulimwandaa kwa hadithi ya urithi. Mashabiki walikuwa wanabishania filamu nzima kwa kupitia neno moja.

Lugha zilizolazimika kusema

Februari 2017 yalitangazwa majina ya filamu hiyo katika lugha nyingine. Kifaransa kilisema “Les Derniers Jedi”, Kihispania “Los últimos Jedi”, Kijerumani “Die letzten Jedi”, Kiitaliano “Gli ultimi Jedi”. Yote hayo ni wingi. Lugha hizo hazikuwa na njia ya kunyamaza, kwa kuwa vibainishi na vivumishi vyake huonyesha idadi hata pale nomino isipobadilika. Mashabiki wengi waliona kwamba fumbo limefumbuliwa.

Baadaye mwaka huohuo, kabla ya filamu kutoka, mwongozaji Rian Johnson alieleza hadharani kwamba yeye alilielewa jina hilo kuwa la umoja. Wafasiri walikuwa wametoa jibu ambalo halikulingana na la mwandishi.

Tatizo hili halikuwa geni. Filamu ya mwaka 1983, “Return of the Jedi”, ilikuwa na utata huohuo, na lugha ziligawanyika. Kifaransa kilichagua umoja, “Le Retour du Jedi”, ilhali Kijerumani kilichagua wingi, “Die Rückkehr der Jedi-Ritter”. Kwa hiyo mtazamaji wa Kifaransa alipokea umoja mwaka 1983 na wingi mwaka 2017, ingawa neno la asili halikubadilika.

Iko lugha ya Ulaya iliyonusurika: Kipolandi. “Ostatni Jedi” inaweza kuwa ya umoja au ya wingi, kwa sababu kivumishi “ostatni” kina umbo moja kwa mwanamume mmoja na kwa kundi la wanaume. Kiswahili nacho kina nafasi kama hiyo.

Kwa nini Kiswahili kinaweza kunyamaza

Kiswahili husifiwa kwa wingi wa viambishi vyake vya upatanisho, na mtu angetarajia kwamba kingeitoboa siri mapema kuliko Kiingereza. Katika nomino za vitu visivyo na uhai ndivyo ilivyo:

• nyumba ya mwisho / nyumba za mwisho
• barua ya kwanza / barua za kwanza

Nomino “nyumba” na “barua” hazibadiliki, lakini a-unganifu inabadilika, na idadi inajulikana. Katika ngeli ya A-WA mambo ni tofauti:

• mtu wa mwisho / watu wa mwisho
• mtoto wa kwanza / watoto wa kwanza

Hapa a-unganifu ni “wa” katika umoja na “wa” katika wingi. Maumbo haya mawili yana vyanzo tofauti. Katika umoja, kiambishi u- kinakutana na -a na kuzaa “wa”, na katika wingi kiambishi wa- kinakutana na -a na kuzaa “wa” vilevile. Kwa kawaida hatuutambui mgongano huu, kwa sababu nomino yenyewe hubeba idadi katika viambishi vyake, m- na wa-.

Utata hujitokeza pale nomino ya kiumbe hai isipokuwa na kiambishi cha idadi. Mifano ni “simba”, “tembo”, “askari” na “samaki”. Tazama vifungu hivi:

• simba wa mwisho
• askari wa zamu
• tembo wa kale

Hakuna hata kimoja kinachotuambia kama ni mmoja au wengi. “Jedi”, likikopwa bila kuongezwa kiambishi, linaingia katika kundi hilihili. “Jedi wa Mwisho” ni mmoja na ni wengi kwa pamoja, sawasawa na jina la asili. Jina la 1983, likifasiriwa “Kurudi kwa Jedi” au “Marejeo ya Jedi”, nalo linahifadhi utata, kwa kuwa “kwa” na “ya” zinapatana na “kurudi” na “marejeo”, wala si na Jedi.

Maneno yanayotoboa siri

Utata huu ni wa a-unganifu na vimilikishi. Vimilikishi hufuata mkondo uleule: “simba wangu” anaweza kuwa mmoja au wengi. Kwa nomino za udugu na uhusiano wa karibu, hata hivyo, idadi hujitokeza: “rafiki yangu” ni mmoja, “rafiki zangu” ni wengi. Aina nyingine za maneno zinazopatana na nomino hufichua idadi papo hapo:

• Kitenzi: Jedi wa mwisho amerudi / wamerudi.
• Kiashiria: Jedi huyu / Jedi hawa.
• Kivumishi cha sifa: Jedi mkuu / Jedi wakuu.
• Kirejeshi: Jedi aliyesalia / Jedi waliosalia.
• -enye: Jedi mwenye upanga / Jedi wenye upanga.
• “Peke”: Jedi peke yake / Jedi peke yao.

Orodha hii ni chombo cha mfasiri. Akitaka kuficha idadi, ataepuka kila kilichomo. Akitaka kuiweka wazi, atachagua kimojawapo. “Jedi Aliyesalia” lingekuwa jina zuri kwa anayeukubali usomaji wa mwongozaji, na “Jedi Waliosalia” lingekuwa sawa na uamuzi wa Wafaransa na Wahispania.

Hata hivyo “aliyesalia” na “wa mwisho” hazina maana moja kamili. Aliyesalia ni yule aliyebaki baada ya wengine kuondoka. Huenda wakaja wengine baada yake. Wa mwisho ni yule ambaye orodha inamwishia. Tofauti hii inaigusa hadithi moja kwa moja, kwa sababu karibu na tamati ya filamu Luke anamwambia adui yake kwamba yeye hatakuwa Jedi wa mwisho. Mfasiri aliyeandika “aliyesalia” katika jina atakosa mwangwi wa kauli hiyo. Aliyeandika “wa mwisho” ataupata bila jitihada: jina linatoa dai, na mhusika analikanusha.

Je, tuseme “Majedi”?

Wazungumzaji wa Kiswahili wana desturi ya kuzipa nomino nyingi za mkopo zinazotaja watu wingi wa ma-: daktari/madaktari, rais/marais, dereva/madereva, padre/mapadre. Kwa mazoea hayo, shabiki angeweza kusema “Majedi” bila kufikiri, wala hatakuwa amekosea. Lakini uamuzi huo mdogo unabadilisha kila kitu.

Pindi “Majedi” inapokuwa wingi unaokubalika, “Jedi” peke yake huanza kusomwa kuwa umoja. Ndiyo maana hakuna anayetatizwa na “daktari wa mwisho”: kwa kuwa wapo “madaktari”, tunajua kwamba daktari huyo ni mmoja. Utata wa “Jedi wa Mwisho” unadumu kwa sharti kwamba kiambishi ma- hakikutumika tangu mwanzo. Mfasiri wa filamu ya 1977 aliyeandika “Majedi” katika mazungumzo ya wahusika angekuwa amemfunga mikono, bila kujua, mfasiri wa filamu ya 2017.

Siri inapokuwa kosa

Isifikiriwe kwamba kuficha idadi ni jambo jema popote. Mkataba unaosema “malipo ya askari wa usiku” bila kutaja idadi unaweza kuzua ugomvi, kwa kuwa mwajiri atasoma mmoja na kampuni ya ulinzi itasoma watatu. Katika hati za sheria, taarifa za habari na maelekezo ya tiba, mfasiri anapaswa kuongeza neno la kufichua: “askari mmoja wa usiku”, “askari wote wa usiku”. Katika jina la filamu, ambapo mtunzi amelifumba fumbo kwa hiari, kulifumbua ni kumnyang’anya mtazamaji haki ya kubishana.

Tena, hakuna lugha inayoficha kila kitu. Katika filamu ya mwaka 1980, mzee Yoda anadokeza kwamba Luke si tumaini pekee, yuko mwingine. Filamu ya 1983 ilikuja kubainisha kwamba huyo mwingine ni Leia, pacha wake Luke. Katika Kiswahili, “yuko mwingine” inaficha jinsia kabisa, jambo ambalo lugha nyingi zenye jinsia za kisarufi hazilimudu kwa urahisi. Lakini “mwingine” inafichua idadi: kama wangekuwa wawili, tungesema “wako wengine”. Mfasiri hupewa pazia mahali pamoja na kunyimwa mahali pengine.

Kuhusu neno “mwendelezo”

Filamu inayofuata nyingine katika hadithi moja huitwa “mwendelezo”, wingi wake “miendelezo”. Umbo “muendelezo” huonekana mara nyingi, lakini kanuni ni ileile ya “mwendo” na “mwembe”: u hugeuka w mbele ya e. Lisichanganywe na “mfululizo”, ambao ni mnyororo mzima wa filamu. Mwendelezo ni pete mojawapo inayokuja baada ya nyingine.

Neno hili linatokana na “endeleza”, si “endelea”. Mvua inaendelea yenyewe. Hadithi huendelezwa na mtu. Kiambishi cha kusababisha kilichomo ndani ya neno kinadai mtendaji, na huyo mtendaji ndiye aliyebishaniwa filamu ya 2017 ilipotoka. Lucas alikuwa ameiuza Lucasfilm kwa Disney mwaka 2012, na filamu za 2015, 2017 na 2019 ziliongozwa na watu wengine. Wakosoaji wengi waliisifu “The Last Jedi”, na mapato yake duniani yalizidi dola bilioni 1.3, lakini mashabiki waligawanyika. Baadhi waliona kwamba Luke aliyekata tamaa si Luke waliyekua naye. Wengine waliona kwamba ni uzee na majuto ndivyo vilivyompa utu. Chini ya hoja zote lilikuwapo swali moja: nani ana haki ya kuendeleza hadithi ya mwenziwe? Mfasiri naye ni mmoja wa waendelezaji hao, na kila kiambishi anachokiweka ni sehemu ya jibu lake.

Kwa muhtasari

• Katika ngeli ya A-WA, a-unganifu ni “wa” kwa umoja na wingi. Nomino isiyobadilika, kama “simba” au “Jedi”, hubaki na utata.
• Kitenzi, kiashiria, kivumishi cha sifa, kirejeshi, “-enye” na “peke” huutatua utata huo.
• Amua mapema kama nomino ya mkopo itachukua ma- katika wingi, kisha ushikilie uamuzi huo katika mfululizo wote.
• Tofautisha “wa mwisho” na “aliyesalia” kabla ya kuchagua.
• Hifadhi utata uliokusudiwa na mtunzi. Uondoe ule unaoweza kumdhuru msomaji.