Mifupa ya wanafunzi haijengwi kwa kukaa kitako

Kiswahili, pamoja na utajiri wake wote, kimeukosea mfupa heshima. Mtu aliyekonda twamwita mifupa mitupu. Tatizo lisilotatulika twaliita mfupa uliomshinda fisi. Katika misemo hii mfupa ni kitu kikavu, masalio ya uhai uliokwisha kuondoka. Hata methali isemayo kuwa ulimi hauna mfupa yahitaji tanbihi, kwani sisi tunaofundisha fonetiki twajua kwamba shina la ulimi limejishikiza kwenye mfupa mdogo wenye umbo la herufi U, ulio juu ya kongomeo, ambao haukuungana na mfupa mwingine wowote mwilini.

Ajabu ni kwamba sarufi imeuweka mfupa katika ngeli ya U-I, pamoja na mti, mkono, moyo na mwili. Sithubutu kudai kwamba ngeli ni ushahidi wa elimu ya viumbe, maana mkate na mshale pia imo humo. Hata hivyo, mara hii sarufi imeukaribia ukweli kuliko misemo. Mfupa ni hai kama mti. Una mishipa ya damu na neva, hukua, hujitibu uvunjikapo, na hudhoofika usipotunzwa.

Mwalimu wa sayansi asiye na maabara anaweza kuudhihirisha muundo wake kwa vitu vya jikoni. Achukue mifupa miwili ya paja la kuku na kuisafisha. Mmoja autie katika siki kwa siku kadhaa, akiibadilisha siki kila inapochakaa. Wa pili auchome motoni hadi uwe mweupe. Ule wa siki utakunjika kama mpira, kwa sababu asidi imeyayeyusha madini ya kalsiamu na fosfeti yaliyoupa ugumu. Ule wa motoni utabaki na umbo lake, lakini utasagika ukiguswa, kwa kuwa moto umeziteketeza nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Kwa uzani, madini ni kama thuluthi mbili za mfupa, na nyuzi hizo ni sehemu kubwa ya yaliyobaki. Mwashi ataelewa upesi: ni saruji na vyuma. Saruji pekee hupasuka, na chuma pekee hupinda.

Lakini nyumba ya mwashi ikishaezekwa imekwisha, ilhali mfupa haukamiliki kamwe. Ndani yake mna seli zinazobomoa na seli zinazojenga, na kazi hiyo haina likizo. Kwa mtu mzima, kiasi cha sehemu moja kwa kumi ya mifupa yote hufanywa upya kila mwaka. Mfupa aidha ni hazina: asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imewekwa katika mifupa na meno. Moyo, misuli na neva haziwezi kufanya kazi bila kalsiamu iliyomo katika damu, kwa hivyo chakula kikiikosa, mwili huenda kukopa mifupani bila kumwarifu mwenye mifupa. Na katika uboho mwekundu ndimo damu yenyewe inamotengenezwa. Fisi hakuwa mjinga kama hadithi zinavyomsingizia. Uboho ndio alioutafuta.

Mtoto huzaliwa na vipande karibu 300, vingi vikiwa bado ni gegedu kwa sehemu kubwa. Vingine huungana kadiri anavyokua, hata mtu mzima akabaki na mifupa 206. Urefu hutokana na tabaka za gegedu zilizo karibu na ncha za mifupa mirefu. Tabaka hizo zikishageuka mfupa mwishoni mwa ubalehe, wasichana wakitangulia wavulana, kimo kimefika kikomo chake.

Ushahidi mzuri wa jambo hili tunao hapa nchini. Mnamo Agosti 1984 Kamoya Kimeu, bingwa wetu wa kutafuta visukuku, aliona kipande kidogo cha fuvu huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Uchimbaji ulioongozwa na Richard Leakey na Alan Walker ulifukua karibu kiunzi kizima cha mvulana aliyefariki yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Walijuaje kwamba alikuwa mtoto, naye alikuwa mrefu vile? Ncha za mifupa yake zilikuwa bado hazijaungana na mihimili yake. Waliosoma meno walimkadiria miaka 8 hivi. Waliosoma mifupa kwa kipimo cha watoto wa leo walimwongezea miaka kadhaa. Wembamba wa tundu la uti wake wa mgongo uliwafanya baadhi ya wasomi wa miaka ya 1990 kushuku iwapo angeweza kuidhibiti pumzi kiasi cha kunena, na wengine wakawapinga. Hayo nitayaacha kwa siku nyingine.

La leo ni kwamba akiba ya mfupa ina msimu wake. Msichana afikapo miaka 18, na mvulana miaka 20, huwa amekwisha kuweka hadi asilimia 90 ya mfupa atakaowahi kuwa nao. Baadaye hutunza alichokiweka, kisha huanza kupoteza, na wanawake hupoteza kwa kasi baada ya hedhi kukoma. Nyonga ya bibi inayovunjika kwa kujikwaa kizingitini ina historia iliyoanzia shuleni.

Tena mfupa hujengeka pale unapobebeshwa mzigo. Mnamo 1892 daktari Mjerumani Julius Wolff alichapisha kitabu akieleza jinsi mfupa unavyojipanga upya kulingana na nguvu zinazoukabili. Wachezaji wa tenisi wana mfupa mnene zaidi katika mkono ushikao raketi. Wanaanga, ambao miguu yao haibebi uzito wowote, hupoteza kama asilimia 1 ya mfupa wa nyonga kila mwezi.

Sasa tuulize: kijana wetu hushinda wapi katika msimu huo? Hushinda kitini. Kipindi cha elimu ya viungo kimo ratibani, lakini walimu wenzangu wajua kinavyotendwa. Mwalimu wa hisabati hukiomba kwa upole mwezi wa kwanza, na ifikapo wa tano haombi tena. Katika shule moja ya bweni ya wasichana nilikoalikwa kuzungumza, tulielezwa kwa fahari kwamba watahiniwa hawakanyagi uwanja kuanzia muhula wa pili. Wazazi walipiga makofi. Mimi sikupiga.

Najua nitaambiwa kwamba mtihani haupimi mifupa. Ni kweli, haupimi. Lakini sijamwona bado mtahiniwa aliyeangushwa na dakika 40 za kuruka kamba. Kuruka na kukimbia ndiko kunakoufaa mfupa hasa, kupita hata kuogelea, na kamba haihitaji harambee.

Chakula nacho kina neno. Wataalamu wa Marekani hupendekeza miligramu 1,300 za kalsiamu kwa siku kwa kijana wa miaka 9 hadi 18, na kikombe cha maziwa kina kama 300. Pasipo maziwa kuna omena waliwao na miiba yao, kuna sukuma wiki, na kuna uji wa wimbi, nafaka inayozishinda mahindi na mchele mbali sana katika kalsiamu. Mchicha una sifa nyingi, ila kalsiamu yake imefungwa na asidi hata mwili ukaipata kidogo tu. Jua, ambalo huiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D, twalo la kutosha. Lililobaki ni kumruhusu mwanafunzi kutoka nje kulipata.

Lipo jambo moja ambalo hata mazoezi na chakula havilitoshi. Katika sehemu za Bonde la Ufa, Nakuru ikiwemo, maji ya visima yana floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Watu huyafahamu meno ya kahawia yatokanayo nayo. Wasiolifahamu wengi ni kwamba floridi nyingi, ikinywewa kwa miaka, hukakamaza viungo na huweza kupinda miguu ya watoto. Shule yenye kisima huko na ambayo haijawahi kuyapima maji yake iyapime muhula huu, na wakati ikingoja majibu, iwanyweshe watoto maji ya mvua yaliyokingwa paani na kuchemshwa.