Risasi za kumuulia mchimba mashimo: zielewe kabla hujaiga



Juzi kijana mmoja anayelima mahindi na viazi vitamu kibiashara alinipigia simu. Ameona video za wakulima wa Marekani wakipiga graundihogi kwa risasi walizojaza wenyewe. "Afisa, nungunungu wananimaliza. Na mimi nijaze zangu?" Nikamwambia subiri kwanza, tuelewane.

Graundihogi ni mnyama wa ukoo wa kindi, ana kilo 2 hadi 6 hivi. Anakula soya na klova, na mashimo yake yanavunja miguu ya ng'ombe na kuharibu trekta. Anatoka mchana, anasimama wima mlangoni kwa shimo lake. Ndiyo maana wenzetu wanampiga kwa mbali.

Wanachaguaje risasi?

Wanaangalia umbali na majirani.

1. .22 LR: nafuu, haina kelele nyingi. Kichwa chake kina gramu 2.6 hivi na kinakwenda mita 330 hadi 380 kwa sekunde. Inafaa kama mita 70 tu.
2. .17 HMR, iliyotoka 2002: kichwa cha gramu 1.1, kasi karibu mita 770 kwa sekunde. Inafika mita 150, ila upepo unaisukuma.
3. .22 Hornet: ya kati, inafaa karibu na makazi kwa kuwa kelele yake ni ndogo kuliko hizi zinazofuata.
4. .223 Remington: kichwa cha gramu 3.6 kinakwenda karibu mita 980 kwa sekunde. Inafaa hadi mita 250 hivi, na inapatikana kirahisi kwao.
5. .22-250 Remington: inavuka mita 1,100 kwa sekunde. Inafaa mashamba makubwa ya wazi, lakini inakula baruti nyingi na mtutu unachakaa haraka.

Kwa nini wanajaza wenyewe?

Ganda la shaba la .223 linatumika tena na tena. Unaweka fataki mpya, baruti na kichwa kipya. Gharama inashuka, na risasi inalinganishwa na bunduki husika. Mtutu ambao mifereji yake inazunguka mara moja kila inchi 14 unapenda vichwa vifupi na vyepesi. Ukiupa kirefu, kinayumba hewani. Hizi mbili za kwanza hazijazwi upya, kwa sababu fataki yake imo ndani ya ukingo wa ganda.

Wenye akili wanafuata kitabu cha kiwanda: wanaanza na kipimo cha chini, wanapima kila punje, wanapanda kidogo kidogo. Baruti zinafanana kwa macho lakini hazifanani kwa nguvu. Ukikosea aina, au ukijaza ganda mara mbili, bunduki inapasukia usoni kwako.

Jambo linaloniogopesha

Miaka ya nyuma, kwenye kata niliyokuwa, mkulima mwenye kibali alimfyatulia nungunungu usiku kwa .22. Akamkosa. Risasi ikagonga jiwe, ikaruka, ikamuua ndama wa jirani zizini. Hatua chache tu pale palikuwa na dirisha la chumba cha watoto. Sijasahau.

Ndiyo maana wawindaji wa graundihogi wanapenda vichwa vyenye ganda jembamba na kasi kubwa: vikigusa udongo huwa vinasambaratika badala ya kuruka. Hata hivyo hawafyatui bila kilima au tuta la udongo nyuma ya mnyama. Risasi ndogo ya .22 ikikosa inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Sasa wewe shamba lako ekari tano, nyumba kila upande, mnyama anakuja usiku. Unaona nyuma yake kuna nini?

Kwa hiyo ufanyeje?

Hapa Tanzania silaha na risasi zinasimamiwa na sheria ya 2015, na wanyamapori wana sheria yao ya 2009. Usijaribu kutengeneza risasi nyumbani, utapoteza vidole, na shamba utaliacha ukaenda jela. Nilimwambia kijana yule hivi:

- Fyeka vichaka na ondoa magogo pembezoni, ndiyo maficho yao.
- Zungushia sehemu ya viazi wavu wa chuma, uuzike sentimita 30 chini, maana nungunungu huchimba.
- Vuna kwa wakati, usiache viazi vilivyokomaa ardhini.
- Wakizidi, toa taarifa kijijini na kwa afisa wanyamapori wa wilaya.

Piga hesabu kama mfanyabiashara: wavu unaununua mara moja unakaa misimu kadhaa. Risasi iliyokosa, ikishatoka, hairudi mtutuni.

Kazi njema, na msimu mwema.