Mshahara wa kwanza wa mtoto wetu: ufunguliwe akaunti gani?



Kuna swali ambalo huturudia kila mwaka vijana wanapomaliza vyuo. Kikundi kilichanga karo, mzazi akauza ng'ombe, mtoto akaenda chuo Nairobi na sasa amemaliza. Ameandikwa kazi Industrial Area, amepanga chumba Hamza au Jericho, na mwajiri amemwambia alete namba ya akaunti kabla ya tarehe ishirini. Kijana anapiga simu nyumbani kuuliza afungue benki gani. Nyumbani nao wanatuuliza sisi.

Hatutataja benki moja na kusema hiyo ndiyo bora, kwa sababu ada hubadilika na mahitaji ya watu si sawa. Tutaeleza jinsi ya kuchagua. Tunaomba mtu mmoja wa kikundi asome ukurasa huu kwa sauti, maana mambo mengine hapa yanahusu pesa za kikundi chenyewe.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Miaka ya 1990 baadhi ya benki kubwa zilipandisha kiasi kinachotakiwa kubaki katika akaunti na kufunga matawi ya mashambani. Mtu wa mshahara mdogo alibaki na Benki ya Posta, au akaficha pesa chini ya godoro. Baadaye mambo yakageuka. Equity, iliyoanza mwaka 1984 kama chama cha kujengea nyumba, ikawa benki kamili mwaka 2004 na ikakua kwa kuwapokea watu wa kipato kidogo. M-Pesa ikaja Machi 2007. Uchunguzi uliofanywa kitaifa mwaka 2006 ulionyesha kwamba watu wazima waliotumia huduma rasmi za fedha walikuwa asilimia 26.7 tu. Kufikia mwaka 2024 walikuwa asilimia 84.8. Kwa hiyo leo shida ya kijana si kukubaliwa na benki. Benki zinamfuata mpaka kazini, na vijana wa mauzo wenye fulana za rangi na kalamu za bure. Shida ni kujua anaweka sahihi kwenye nini.

Aina za akaunti

Ziko tatu ambazo kijana atasikia. Akaunti ya hundi ni ya kupitisha pesa: mshahara unaingia, kodi ya nyumba inatoka. Mara nyingi haina riba na ina ada nyingi. Akaunti ya akiba ni ya kuweka, ina riba kidogo, na wakati mwingine inakuzuia kutoa mara kwa mara. Amana ya muda ni pesa unazofungia miezi mitatu, sita au mwaka, ukizitoa mapema unapoteza riba. Hiyo ya tatu kijana anayeanza aiache kwanza.

Siku hizi benki nyingi zina akaunti ya mshahara, ambayo ni kama ile ya hundi iliyopunguzwa ada. Hapo kuna swali ambalo wengi hawaulizi: mshahara ukikoma, itakuwaje? Kazi za vijana wetu nyingi ni za kandarasi ya miezi mitatu. Kandarasi ikiisha, benki inaweza kuigeuza akaunti kuwa ya kawaida, ada zinaanza kukata, na kijana asiye na kazi anakuta salio limeliwa. Aulize hilo kabla ya kuweka sahihi.

Ada ndizo za kuangaliwa

Watu wengi huuliza, "Riba ni ngapi?" Kwa mtu anayeanza, hilo si swali la kwanza. Tufanye hesabu ya mfano.

Tuseme kijana anapata shilingi 28,000. Benki inamkata ada ya shilingi 100 kila mwezi. Anatoa pesa kwenye mashine mara sita, kila mara shilingi 35, hiyo ni 210. Anatuma pesa kutoka benki kwenda kwenye simu mara nne, kila mara shilingi 50, hiyo ni 200. Jumla ni shilingi 510 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 6,120.

Sasa tuseme amefaulu kuacha shilingi 10,000 katika akiba mwaka mzima kwa riba ya asilimia 3. Anapata 300, serikali inakata kodi ya asilimia 15 ya hiyo riba, anabaki na 255. Yaani ameingiza 255 na kutoa 6,120. Kumbe alikuwa anajivunia riba!

Kwa hiyo kijana aende benki mbili au tatu, na katika kila moja aombe karatasi ya ada. Hii si aibu, ni haki yake. Aangalie ada ya kila mwezi, ya kutoa pesa kwenye mashine ya benki hiyo na kwenye mashine ya benki nyingine, ya kwenda kwenye simu na kurudi, ya ujumbe mfupi, ya kadi mpya ikipotea, na ya kufunga akaunti. Aulize pia kama ushuru wa serikali umeshahesabiwa au utaongezwa juu. Kisha akae chini na kalamu, aandike mwezi wake jinsi alivyo yeye: natoa mara ngapi, natuma mara ngapi. Mtu anayetoa mara mbili kwa mwezi na mtu anayetoa kila siku mia mbili mia mbili hawafai akaunti moja.

Umbali nao ni ada. Anayekaa Maringo na kufanya kazi Viwandani hana haja ya benki ambayo tawi lake liko Westlands tu. Angalia kama kuna wakala karibu na nyumba. Tangu mwaka 2010 Benki Kuu ya Kenya iliruhusu benki kutumia mawakala, na leo duka la Jogoo Road linaweza kupokea pesa zako jioni benki ikiwa imefungwa. Lakini mashambani nako pana watu. Kama kijana atakuwa anatumia mama pesa kila mwezi, basi achague njia ambayo mama ataipata bila kupanda gari la shilingi mia mbili kwenda na kurudi.

Mkopo unaokuja wenyewe

Hapa tunataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo tunapoona vijana wakiumia.

Mshahara ukipita kwenye akaunti miezi michache, ujumbe unafika kwenye simu: "Umestahili mkopo." Kijana hajaomba. Ana godoro chini na jiko moja, marafiki wana televisheni ukutani. Anabonyeza.

Kukopa si dhambi, na kikundi chochote kinajua faida ya mkopo. Lakini kuna njia mbili za kuhesabu riba na mara nyingi muuzaji hataji ni ipi. Chukua shilingi 100,000 kwa mwaka mmoja, riba asilimia 15. Ikihesabiwa juu ya mkopo wote wa mwanzo, riba ni 15,000 na utalipa karibu 9,583 kila mwezi. Ikihesabiwa juu ya salio linalopungua, utalipa karibu 9,026 kila mwezi, na riba yote ni karibu 8,310. Asilimia ni ile ile, tofauti ni zaidi ya shilingi 6,600. Ongeza ada ya kushughulikia mkopo na bima. Swali la kuuliza ni fupi: "Nikichukua hizi, nitarudisha jumla shilingi ngapi?" Asiyekujibu kwa tarakimu, mwache.

Usipolipa, jina linapelekwa kwa taasisi za kuhifadhi habari za wakopaji, maarufu kama CRB, ambazo zilianza kazi Kenya mwaka 2010. Zinapokea habari njema pia, si mbaya tu. Kila mtu ana haki ya kupata ripoti yake mara moja kwa mwaka bila malipo. Tunashauri kijana aiombe, kwa sababu kuna anayekuta deni dogo la simu alilolisahau tangu chuoni.

Na tukitaja chuoni, kuna HELB. Mkopo huo si zawadi. Unatakiwa kuanza kulipwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, riba yake ni asilimia 4, na ukinyamaza faini ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Kijana aliyepata kazi amwambie mwajiri mapema, na asiyepata aiandikie HELB aeleze. Deni la asilimia 4 ndilo la bei nafuu kuliko yote atakayoyaona maishani, lakini faini yake hailingani na riba hiyo hata kidogo. Kabla ya kupanga makato mengine, apange hilo.

Benki ikifungwa je?

Wazee huuliza hili, na wana haki. Mwaka 1998 benki kadhaa zilianguka, Trust Bank ikiwa mojawapo. Mwaka 2015 ikawa Dubai Bank na Imperial Bank, na Aprili 2016 Chase Bank. Baadhi ya wenye pesa walisubiri miaka kabla ya kupata zilizobaki.

Kuna bima ya amana inayosimamiwa na shirika la serikali liitwalo KDIC. Zamani ilirudisha mpaka shilingi 100,000. Tangu Julai 2020 ni mpaka shilingi 500,000 kwa kila mtu katika kila benki. Kwa kijana wa mshahara wa kwanza hiyo inatosha. Bima hii inahusu benki zenye leseni ya Benki Kuu pamoja na benki ndogo za mikopo midogo. Haihusu Sacco, wala chama, wala yule mtu anayesema atazidisha pesa zako mara mbili kwa mwezi.

Sacco hata hivyo tunaipenda, na tunamshauri kijana ajiunge akishatulia kazini. Nyingi hukopesha mpaka mara tatu ya akiba yako, ukipata wadhamini. Aangalie kama Sacco hiyo ina leseni ya SASRA, msimamizi aliyewekwa kwa sheria ya mwaka 2008. Ajue pia kwamba akiba ya Sacco haitolewi ovyo: kwa kawaida unajiuzulu uanachama kwanza na kusubiri, mara nyingi siku 60. Kwa hiyo pesa za dharura zikae benki au kwenye simu, akiba ya miaka ikae Sacco. Na kabla ya kumdhamini rafiki, akumbuke kwamba rafiki akikimbia, akiba itakayokatwa ni ya mdhamini.

Akaunti si ya kuazima

Kijana aliyemaliza chuo anatafuta kazi, na ujumbe unakuja: "Kazi rahisi ya nyumbani. Pesa zitaingia kwa akaunti yako, utatoa asilimia kumi yako, nyingine utume mbele." Hizo mara nyingi ni pesa za wizi. Polisi wakifuata nyayo, jina wanalokuta ni la mtoto wenu. Sheria ya mwaka 2009 kuhusu fedha za uhalifu inampata aliyepitisha hata kama hakuiba. Asimpe mtu kadi, wala namba ya siri, wala laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake.

Sasa nanyi vikundi, sikilizeni. Kuna vikundi vinavyomwambia kijana huyu huyu, "Wewe umesoma, pesa zetu zipitie kwa akaunti yako." Tunaelewa sababu: mnamwamini, na safari ya benki ni ndefu. Lakini pesa zikiwa katika akaunti yake, mbele ya benki ni zake. Akiwa na deni la benki hiyo, benki inaweza kujilipa kutoka humo. Akifa, Mungu apishe mbali, zitaingia katika urithi wake, nanyi mtaenda mahakamani kueleza kwamba zilikuwa za mbuzi wa maziwa. Na zikipungua shilingi elfu mbili tu, mtamshuku mtoto mliyemlipia karo.

Kikundi kiwe na akaunti yake. Sheria ya kusajili vikundi ya mwaka 2022 inasajili kikundi kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Mkishapata cheti, pelekeni benki pamoja na katiba, kumbukumbu za mkutano uliochagua wenye kuweka sahihi, na vitambulisho vyao. Wenye sahihi wawe watatu, na pesa zisitoke kwa sahihi ya mmoja. Kijana anaweza kuwasaidia kusoma taarifa ya akaunti kila robo mwaka, hiyo ni kazi nzuri kwake.

Kwa akaunti yake mwenyewe, aende na kitambulisho, PIN ya KRA, namba ya simu iliyo kwa jina lake, na barua ya mwajiri kama ni akaunti ya mshahara. Picha ndogo abebe, benki nyingine bado huziomba. Kama alikuwa na akaunti ya mwanafunzi asiyoitumia, aifunge kwa barua na achukue uthibitisho. Akiiacha italala, na baada ya miaka mitano bila kuguswa, kilichobaki hupelekwa kwa mamlaka ya mali zisizodaiwa, UFAA. Anaweza kuzidai huko, na hata ninyi wazazi mnaweza kuuliza kuhusu akaunti za marehemu wenu. Peleka namba ya kitambulisho cha mwenye akaunti, na kwa marehemu, karatasi za urithi. Fomu ni za bure. Anayetaka mlipe kwanza ndipo awatafutie, mkataeni.